Tiketi ya Pili

Leo udi umeniumbua, jamani.

Ile filamu ya zamani ya wanaume wawili waliopendana imegeuzwa mchezo wa jukwaani. Unazunguka miji, na Jumamosi unafika huku kwetu ugenini. Nimeungoja kama mwezi wa Idi! Tiketi ni mbili: yangu na ya Shee, mwanamume niliyempenda tangu tulipokimbia Kismayo tukawa kambi moja Mombasa.

Basi leo nikafukiza shati langu udi.

Mama, mzaliwa wa kisiwa cha Kudha, ambako mtu huitwa "mchu", akaja mbio kwa ile harufu.

"Mwanamume hafukizi nguo bure. Wenda kuposa?"

"Naenda kutazama mchezo tu, mama. Wa mapenzi."

Akaziona tiketi kitandani. "Na hii ya pili?"

Nikageuka kuchochea makaa ya chetezo.

"Basi ni yangu. Mchumba hakaguliwi bila mama."

Saa hizi anafukiza buibui lake. Nyumba nzima moshi, nami sina pa kutokea. Nyinyi mngefanyaje?

Na hapo hapo mama kanipa bakuli la wali: "Mpelekee yule rafikiyo Shee. Maskini, hana mchu."