Kikuba cha Maua ya Buluu

Amne alikuwa anajipamba kwa ajili ya mumewe. Muda si mrefu, hasikii midomo yake.

Msicheke. Yalitokea hapahapa Doonside, mtaani kwetu huku ughaibuni, mwaka ule wa kwanza wa Korona, kila mtu kafungiwa kwake na macho hayana pa kwenda isipokuwa kwa jirani.

Jirani wa Amne ni Domina, nesi, Mchaga wa Marangu. Huyo akichomeka hata kijiti kinashika! Kwenye kivuli cha uzio wake alikuwa na maua marefu, buluu iliyokoza, kila ua kama kakofia. Wazungu huyaita monkshood.

Kwa Amne? Mwasumini wake mmoja, nao baridi ya mwaka uliopita iliukausha.

Hilo angelimeza. Kilichomkaba koo ni Vuai, mumewe. Kila asubuhi yuko uzioni, barakoa kidevuni, anacheka na Domina. Amne akitokea, kimya.

"Mnaongea nini?"

"Mambo ya bustani tu, mke wangu."

Bustani! Tangu lini Vuai akajua jembe? Wivu ukampanda Amne.

"Kama ni maua anayapenda, leo atayaona."

Domina alipoondoka kwenda kazini, Amne akapenyeza mkono uzioni, akachuma. Kwao Tanga mwanamke hufunga kikuba, kile kishada cha maua cha kupachika kifuani. Akakifunga alivyofundishwa na bibi yake: mabua kayabana kwa meno, mikono inazungusha uzi.

Ulimi ukaanza kumchonyota. Midomo ikafa ganzi. Moyo nao ukawa unarukaruka.

"Vuai, Korona hiyo! Nakufa!"

Vuai akakiona kishada.

"Umeyatia mdomoni? Mungu wangu, hiyo sumu! Domina mwenyewe huyashika kwa glovu!"

Ambulensi ikambeba. Akalazwa, kifuani nyaya za mashine badala ya kikuba.

Aliporudi, Domina akamwekea chungu juu ya uzio, akarudi nyuma na barakoa yake. Mwasumini, una matumba meupe.

"Shoga, ni tawi la ule wako. Vuai alilikata kabla haujakauka, akaniomba nikuoteshee. Kila asubuhi anakuja kuuliza limefikia wapi. Alitaka akupe siku ya Idi, akaniapisha nisikwambie."

Amne alilia, hana pa kuuweka uso.

Ndugu zangu, wivu ukikushika, uliza kwanza. Ukishindwa kabisa kuuliza, basi angalau vaa glovu.