Pipa la Kokwa

Shangazi yangu hana subira. Akiinjika wali, hufunua sufuria kila dakika. Akipanda mchicha, hufukua mbegu kuona kama zimeota. Mungu naye, kwa mzaha wake, akampa kazi ya kuchoma makaa.

Nyuma ya kiwanda cha juisi, anachoma kokwa za maembe ndani ya pipa. Zikishaiva nyekundu, hupitisha mvuke kwa bomba ili kila kipande kitoboke vitundu visivyoonekana. Vitundu hivyo ndivyo vinavyonasa uchafu wa maji. Kisha huziba kifuniko kwa udongo, akangoja pipa lipoe. Ukifunua mapema, hewa huingia, makaa huwaka upya, unabaki na majivu.

La juzi alilifunua mapema. Msimamizi wa kiwanda akayatazama majivu, akamgeukia shangazi.

"Mama, jaribu mara moja tena. Makaa yakishindwa kusafisha maji yetu ya kuoshea matunda, lori litazoa kokwa zote likazitupe jalalani."

Basi leo mama yangu aliweka kigoda mbele ya pipa, akakaa kama askari.

"Wifi, sogea nichungulie."

"Ulichungulia juzi, tukapata majivu ya kusugulia masufuria."

"Naweka sikio tu."

"Sikio lako lina mikono."

Niliegemea ukuta na kitabu nisichokisoma. Hewa juu ya pipa ilitetemeka, na ndani yake paa la kiwanda na kamba ya nguo viliyumba kama vitu vilivyozama majini. Harufu ya embe ilishakufa. Ilibaki nyingine, kama ya mvua iliyo mbali. Shangazi alilaza kichwa begani kwa mama, akasimulia habari za mwembe mweusi unaochipua gizani ndani ya pipa, majani yake hayana sauti. Akasinzia katikati ya neno. Mama hakujitikisa mpaka kivuli cha ukuta kikalifunika pipa, nalo likapoa.

Jioni msimamizi alileta maji ya manjano. Shangazi akayamimina kwenye ndoo iliyotobolewa chini, yenye kitambaa na makaa yaliyotwangwa. Hakikutoka kitu. Kisha tone jeusi.

"Tikisa kidogo," msimamizi akasema.

"Acha," shangazi akajibu, mikono ameibana kwapani. "Makaa yanatoa vumbi lake. Ngoja."

Tukangoja. Matone yakafifia, yakawa kijivu, yakawa hayana rangi. Msimamizi aliyakinga kwa bilauri, akaiinua, nami nikaviona vidole vyake vyote upande wa pili.

"Nitamwambia dereva asije na lori," akasema.