Visu Kumi na Tisa Visivyokata

Kabati la sebuleni kwetu Nyakabanda lilitengenezwa kwa ajili ya sahani. Mke wangu alikuja nalo siku ya ndoa, likiwa na vioo viwili na kufuli dogo la shaba, na ndani yake sahani za maua ambazo wageni walitakiwa kuzitazama, si kulia chakula. Miaka kumi na moja iliyopita nilizihamishia sahani hizo kwenye boksi chini ya kitanda, nikapanga visu vyangu mahali pake. Nilimwambia ni kwa muda tu.

Mimi ni fundi cherehani. Mtu akinikuta nimekaa mbele ya kabati Jumapili, nimevaa soksi mikononi nisiache alama za vidole kwenye chuma, hawezi kujua kwamba mimi ni mtu mwenye akili zake. Nilikuwa na visu kumi na tisa. Vya kukunja, vya mezani, vya wachuna ngozi, kimoja cha mpini wa pembe nilichokinunua kwa mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka kwa faranga elfu arobaini, nikamwambia mke wangu elfu kumi na tano. Panga sikuwahi kununua hata moja, na mtu wa Kigali hahitaji kuelezwa sababu. Hata hivyo habari zilisambaa mtaani, na kiongozi wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, akaja siku moja na daftari lake. Alijaribu kisu kimoja kimoja kwenye karatasi. Hakuna kilichokata. Akaandika, "Visu kumi na tisa, butu, vya kutazama," akatia sahihi, akanywa chai, akaenda zake.

Ubutu ule ndio uliokuwa fahari yangu. Nilikuwa nimejifunza kwenye simu, kwa video za wazee wa nchi za baridi, kwamba kisu cha zamani kinashika bei yake pale tu kisipoguswa. Ukikinoa umekiua. Ukikisugua kikang'aa umekizika. Ule weusi wa uzee juu ya chuma ndio mali yenyewe. Nilimweleza mke wangu hayo kwa miaka kumi na moja. Nilimwambia nguo huchakaa, simu hufa, lakini kisu ni akiba. Naye alikuwa akisikiliza huku akikata vitunguu kwa kijisu cha plastiki cha sokoni, maana vya kabatini vilikuwa mwiko.

Kisu cha kumi na tisa sikukihesabu katika akiba hiyo. Kilikuwa cha baba. Baba ndiye aliyekuwa mchinjaji wa mtaa kila Iddi, mtu mpole sana, na kisu chake kilikuwa kirefu, chembamba, mpini umezungushiwa waya wa shaba. Mimi mtoto wa mchinjaji nikiona damu ya kuku natafuta kiti. Baba alijua, hakunicheka hata siku moja. Alipofariki kisu kikaja kwangu, na tangu siku hiyo hakuna aliyekinoa. Ungepitisha kidole pole pole ungeisikia kazi ya jiwe lake kwenye makali, kule katikati kulikoliwa kidogo kwa sababu mkono wake ulikuwa na tabia ya kukazia pale. Hicho sikukinunua, kwa hiyo hakikuwa na bei.

Mwaka huu, wiki sita kabla ya Iddi ya kuchinja, mke wangu alichoka. Hakupiga kelele. Alikaa mbele ya kabati, mikono mapajani.

"Baba Watoto," akasema, "unasemaka kisu inashika bei. Sasa uza moja. Moja tu, na bei ile ile ulinunua. Ukiweza, kabati iko yako mpaka kufa, na mimi sitafungua mdomo tena. Iddi ikiisha hujauza, ninarudisha sahani yangu."

Nikakubali papo hapo, nikacheka hata. Kilichokuwa hatarini si kabati. Lilikuwa ni swali la kama nimekuwa mjinga kwa miaka kumi na moja au la, na hakimu alikuwa mke wangu.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilikitembeza kile cha mpini wa pembe hadi nikaona aibu. Nilikifunga ndani ya mabaki ya vitambaa, nikapanda pikipiki hadi Gatsata, kwenye magereji, nikidhani watu wa vyuma wanajua vyuma. Fundi mmoja wa springi za malori akakishika, akakipitisha kwenye vinywele vya mkono wake, akakitazama tena.

"Mzee, hii haikati."

"Haijawahi kukata," nikamjibu kwa majivuno.

"Sasa unauza nini?"

Nikamweleza weusi wa uzee. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaita wenzake watatu waje nao wasikilize. Nilirudia maelezo yote tangu mwanzo, nikidhani soko limefunguka, mpaka nilipoona mmoja wao anafuta machozi kwa kitambaa cha grisi.

Mwenzangu nilimpata kwa kuuliza uliza. Alikuwa mhasibu aliyekulia Uganda, mwenye ofisi karibu na Sonatubes, na yeye pia alikuwa na kabati la visu. Nilipokifungua kitambaa alivua koti kwanza, akavaa glavu nyeupe, akatoa kioo cha kukuzia. Dakika kumi nzima alikikagua kwa kioo kile, na nje pikipiki zilikuwa zinapiga honi kama kawaida. Nilikaribia kulia kwa furaha. Sikujua kwamba duniani kuna mwingine.

"Ssebo," akasema mwishowe, "hii haijaguswa. Elfu arobaini nakupa bila shida. Lakini nataka kwanza nione zote. Jumamosi ya umuganda, saa nane, nakuja kwako."

Niliporudi nyumbani nilikula wali sahani mbili. Mke wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia asubiri Jumamosi.

Ijumaa akafika mabukwe, yaani mama yake mke wangu, kutoka Rwamagana. Alikuja kukaa nasi mpaka Iddi ipite, na ndizi, na maharage, na magoti yanayomuuma. Nampenda mama yule na ninamwogopa. Kwetu mkwe hasemi "hapana" mbele ya mabukwe. Akisema mvua inanyesha, unafungua mwavuli, halafu ndipo unatazama mbingu.

Asubuhi ya Jumamosi, kwa ile kazi ya pamoja ya umuganda, mimi na mke wangu tulitoka na majembe kwenda kuzibua mtaro pamoja na mtaa mzima. Mabukwe, kwa umri wake, alibaki. Akataka kutusaidia kwa kumenya viazi. Kijisu cha plastiki hakukiona, kwa kuwa mke wangu alikuwa amekitia kwenye mfuko wa aproni yake. Ufunguo wa kabati ulikuwa juu ya kabati, kama ilivyo katika kila nyumba yenye kabati la kufungwa. Alitoa kisu cha kwanza, hakikumenya. Cha pili, hakikumenya. Alivijaribu vyote kumi na tisa kwenye kiazi kimoja, na kiazi kikabaki na ganda lake. Baadaye alituambia kwamba alikaa chini akamwonea huruma binti yake, kwamba ameolewa kwenye nyumba ya visu vyote vile na hakuna mwanamume wa kuvinoa.

Kazi ya mtaro ilipoisha tukaingia mkutanoni, na mkutano ukawa mrefu kwa sababu ya mbuzi wa mtu aliyekula maua ya mtu. Nilisikia jiwe la mnoaji likilia upande wa kwetu, zii, zii. Nikamnong'oneza jirani kwamba kuna mwenzetu ametoroka mkutano anatafuta riziki. Jirani akasema wengine wana bahati.

Nilipofungua mlango visu vyangu vilikuwa mezani, vimepangwa kwa urefu, juu ya taulo safi. Viling'aa. Vilikuwa vimenolewa kwa jiwe la baiskeli la mnoaji aliyemwita kutoka njiani, kisha vikasuguliwa kwa mchanga na limau, na mabukwe alikuwa amekaa kando yavyo kama mtu aliyemaliza kuogesha watoto. Viazi vilikuwa vimemenywa ndoo nzima.

"Mukwe wangu," akasema, "usione haya. Wewe ni mutu wa kazi nyingi. Nimekufanyia."

Nikatazama kile cha pembe. Nikatazama vingine. Mwisho nikakichukua cha baba, nikapitisha kidole. Pale katikati palikuwa pamenyooka. Niliumia, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikimshukuru sana, "Murakoze cyane, Mama." Mke wangu aliyesimama nyuma yangu alinishika mgongo kwa kiganja, akakiacha pale. Ndipo nikajua kwamba alielewa.

Saa nane mhasibu akafika na glavu zake. Sikuwa na nguvu ya kumzuia mlangoni. Alitazama meza, akavua kofia. Akakaa. Mimi nikakaa karibu naye. Akasema "Mungu wangu" mara mbili, polepole, nami nikamwitikia. Mabukwe akatoka jikoni, akaona wanaume wawili wazima wameinamisha vichwa mbele ya taulo, akaweka mkono kifuani.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna mtu, Mama," nikasema. "Tunapumzika."

Mhasibu alikigeuza cha pembe mara moja tu, bila kioo. "Pole sana, ssebo. Sasa hii ni kisu tu." Mabukwe, aliyekuwa bado anaamini kuna msiba tunaomficha, akamkatia nanasi kwa kisu cha wachuna ngozi, na yule bwana akala nanasi lote, na alipokuwa akifuta mikono alikiri kwamba kinakata vizuri sana. Hakuwahi kurudi. Jirani mwenye bucha alitaka kukinunua cha pembe kwa robo ya bei. Nilikataa, nikijua kabisa kwamba nimeshindwa na ninachosubiri ni Iddi tu.

Iddi ikaja na mtaa wote ukaja kwangu. Habari za visu vikali husafiri haraka kuliko za visu butu. Hakuna aliyekuja na daftari safari hii. Visu kumi na vinane viliazimwa kabla ya saa tatu, na kila kimoja kikarudi jioni na kifuko cha nyama, kwa sababu hakuna anayerudisha kisu cha Iddi mikono mitupu. Husemwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Sisi tulikosa mahali pa kuiweka. Mke wangu alipika, akagawa, akapika tena, na sahani za jikoni zikaisha. Akavuta lile boksi chini ya kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane watu wakalia chakula kwenye yale maua.

Kisu cha baba alikishika mabukwe mwenyewe siku ile. Hakumwazima mtu. Nilimwona uani akigawanya paja la mbuzi, polepole, kwa kidole kilichonyooshwa juu ya mgongo wa kisu, vile vile baba alivyokuwa akifanya. Nikageuza uso, na kwa kweli si kwa sababu ya damu.

Siku ya pili yake akafunga mzigo. Gari la Rwamagana lilikuwa linamsubiri, mke wangu ameshamfungia nyama ya njiani. Mabukwe akasimama mbele ya kabati, akaonyesha kwa kidevu.

"Hizo zingine iko chuma ya duka," akasema. "Hii ya waya iko kisu. Ilinolewa na mutu aliyejua, miaka mingi, mimi naona. Nipe hii niende nayo, mukwe wangu."

Miaka kumi na moja nilikuwa nikitafuta mtu mwenye jicho. Nikafungua kioo, nikakitoa. Baba alinifundisha kwamba kisu hakitoki mkononi kwenda mkononi; unakiweka chini, na anayekitaka anakichukua mwenyewe. Nikakiweka mezani. Mabukwe akakichukua, akakizungushia kitenge, akakitia mkobani chini ya nyama, akanishukuru kwa jina la baba yangu, ambaye hakumjua.

Tulipomsindikiza na kurudi, mke wangu alisimama katikati ya sebule.

"Hii ya Baba," akaniuliza, "ulinunua ngapi?"

"Sikuinunua."

"Na Mama amelipa ngapi?"

Nikaitazama ile nafasi tupu kabatini.

"Basi bei iko ile ile," akasema. Hakucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Umeshinda. Kabati iko yako."

Nilishinda hivyo. Nilikaa na kabati langu siku tatu, visu kumi na vinane na nafasi moja, kisha nikaenda mwenyewe jikoni, nikazipangusa sahani za maua, nikazirudisha moja moja. Visu sasa viko kwenye droo na vinakata vitunguu. Mabukwe hupiga simu kila Ijumaa. Namwuliza hali yake, ya magoti, ya ndizi, na akishajibu yote, ananiambia bila kuulizwa kwamba kisu iko salama, bado inakata.