Nepi Kumi na Nane za Njoki

Nyumbani kwa Njoki, pale Gatitu, kitu hakikupotea. Kiliweza kuisha, kuchakaa, au kugeuzwa kitu kingine, lakini kupotea, hapana. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi vipande sita, kila kipande na wiki yake. Sweta iliyombana Wachuka, bintiye wa miaka mitano, ilifumuliwa ikawa soksi na kofia ya mdogo wake Ken. Githeri ya mahindi na maharagwe ilichemka kidogo tu jikoni, kisha sufuria ikavikwa blanketi kuukuu na kutiwa kikapuni, iendelee kuiva yenyewe huku makaa yakipumzika. Na kabla ya kufunika ndoo ya unga, alichora alama juu ya unga kwa kidole. Si kwamba namshuku mtu, alikuwa akisema, ni kujua tu. Haya, tumwamini.

Basi Jumatatu moja Ken akaharisha. Mtoto alikuwa na mwaka na nusu, ameshaacha nepi mchana, na nepi zake zimefungiwa sandukuni zikimngoja mtoto wa tatu, Mungu akipenda. Zilikuwa kumi na nane. Njoki alizikata mwenyewe kutoka kwa mashuka mawili ya flaneli aliyochagua kwenye mitumba mjini Nyeri, akazipinda kingo kwa uzi wa buluu kwa sababu uzi wa buluu ndio uliokuwa umebaki. Alifungua sanduku, akatoa, akahesabu. Kumi na moja. Akakung'uta kila nguo iliyokuwamo, akahesabu tena. Kumi na moja.

Saba zimekwenda wapi?

Kwanza alimshuku Wachuka, maana watoto huvisha madoli chochote. Wachuka aliapa kwa jina la Yesu na la mwalimu wake wa chekechea. Kisha akamshuku Wangui, jirani wa mlango wa pili, muuza mboga, ambaye dada yake alikuwa amejifungua. Akaenda kwake na bakuli, eti anaomba chumvi.

"Dada yako anaendelea aje na mtoto?" aliuliza, macho yakizunguka kwenye kamba ya nguo.

"Wako sawa. Ati yeye hataki nepi za kufua, anataka zile za kutupa," Wangui alisema. "Nilimwambia atatupa pesa mpaka achoke."

Njoki alirudi na chumvi asiyoihitaji na moyo uliozidi kuwa mzito. Kama si mtoto na si jirani, amebaki nani mwenye ufunguo wa ile nyumba?

Amebaki Gicheru. Gicheru alikuwa mumewe, mpakiaji wa magunia kwenye lori la mchele, mtu mpole, wa maneno machache, ambaye kwa miaka saba Njoki hakuwahi kumshuku kwa lolote ila kumaliza sukari. Kila Jumamosi lori lilikwenda Mwea, na jioni Gicheru alirudi na chenga, ule mchele uliovunjika ambao kinuni huuzwa kwa bei ya huruma na ambao Njoki aliupika uji wa watoto. Sasa ndipo alipokumbuka kwamba Jumamosi nne zilikuwa zimepita bila chenga. Mara kinu kimefungwa, mara foleni ilikuwa ndefu. Alikuwa ameyameza maneno hayo bila kuyatafuna.

Alipoanza kutafuta, aliona. Beseni dogo la manjano la kumwogeshea Ken alipokuwa mchanga halikuwepo. Karatasi ya plastiki ya kutandika chini ya mtoto, haikuwepo. Kopo la mafuta ya mtoto lilikuwa limechotwa mpaka nusu, na yeye alikuwa akichota kwa ncha ya kidole kimoja. Mtu anaiba vitu gani hivi? Mwizi wa kawaida angechukua redio. Huyu anachukua vya mtoto mchanga peke yake, na mtoto mchanga hazaliwi bila mama.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na kwake kilikuwa kimeingia hadi ndani ya nepi.

Ijumaa, baada ya chakula, alilaza uzi mmoja wa buluu juu ya mfuniko wa sanduku, mwembamba, usioonekana na mtu asiyeujua. Asubuhi Gicheru alipoondoka na mfuko wake wa kazi, Njoki alikwenda moja kwa moja chumbani. Uzi ulikuwa sakafuni. Nepi zilikuwa tisa.

Aliketi juu ya sanduku na kulia kidogo, kisha akaacha, kwa sababu uji wa watoto ulikuwa unafurika.

Gicheru alirudi jioni, amechoka, mikono yake ikinukia mafuta ya mtoto. Ndiyo, mikono ya mpakiaji wa magunia. Njoki alichukua suruali yake akailoweka, na ndani ya beseni maji yakageuka mekundu. Mwanamke anayemfulia mtu wa Mwea anaijua Mwea kwa mikono yake: udongo wa huko ni mweusi, mzito, unang'ang'ania kitambaa. Huu ulikuwa mwekundu. Na katika pindo la mguu alikuta jani changa la chai. Mwea hawalimi chai. Chai iko Kangema, na Kangema ndiko kwao Gicheru.

"Mwea kulikuwa aje?" aliuliza mezani.

"Jua tu."

"Na matope?"

"Matope pia iko."

"Ile nyeusi?"

"Si Mwea iko na nyeusi tu?" Gicheru alisema bila kuinua macho kwenye sahani, akamwongezea Wachuka kiazi chake mwenyewe.

Hicho kiazi ndicho kilichomuuma Njoki. Mtu aweza kukudanganya na bado akawapenda watoto wako, na huo ndio uongo mgumu kuubeba, kwa sababu hujui pa kuushikia.

Kangema. Aliliwaza neno hilo wiki nzima akifagia, akichuja majani ya chai aliyokwisha kuyapika mara moja. Kule aliishi mama yake Gicheru, bibi ambaye Wachuka alipewa jina lake kama ilivyo desturi. Njoki hakuwa amekanyaga huko tangu Ken alipozaliwa. Bibi alikuwa amekuja Gatitu kumwona mjukuu, akaona sabuni iliyokatwa kwa uzi, akaona kikapu cha githeri, na alipodhani Njoki yuko nje akawaambia wenzake aliokuja nao, "Kijana yangu hakuoa mke. Alioa kufuli." Wakacheka. Njoki alikuwa nyuma ya pazia na birika mkononi. Aliwamiminia chai akitabasamu, lakini neno lile hakulimimina; alilihifadhi kama alivyohifadhi kila kitu. Na miezi miwili iliyopita Gicheru alipouliza, nusu kama mzaha, "Mama akikuja akae na sisi kidogo, utasema aje?" alimjibu papo hapo, "Aje kukaa na kufuli? Mwambie hii nyumba imefungwa." Gicheru hakuuliza tena.

Sasa Njoki alidhani ameelewa. Mwanamume akitaka kuficha mwanamke, atamficha wapi salama kuliko kwa mama yake, hasa mama asiyempenda mke wa kwanza? Bibi yule alikuwa amepata mkamwana mwingine, asiyekata sabuni.

Alhamisi, akitoka kununua kabichi kwa Wangui, alikutana na Mugo, dereva wa lile lori.

"Jumamosi mtaenda Mwea?" Njoki aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Tutaenda. Lakini Gicheru si siku hizi haingii Jumamosi?" Mugo alisema, kisha akaona uso wa Njoki. "Ama... sijui. Uliza yeye."

Jumamosi ilipofika, alimwacha Wachuka kwa Wangui, akamfunga Ken mgongoni, akafuata njia ya Kangema. Njiani alipanga maneno yake. Yalikuwa mengi na mazuri, na mengine hayafai kuandikwa. Alikuwa ameamua: akimkuta huyo mwanamke, atachukua nepi zake zote tisa, atarudi Gatitu na watoto wake, na Gicheru atabaki na jani lake la chai.

Alifika kabla ya saa sita. Boma lilikuwa kimya, chai ikishuka bondeni nyuma yake. Na pale kwenye ua, zimeanikwa juani, zilikuwa nepi zake. Alizijua kwa mbali kwa kingo za buluu. Tano. Damu ilimpanda kichwani. Alizigusa moja moja. Zilikuwa zimefuliwa vizuri, zimenyooshwa kwa mkono, na hilo likamkasirisha zaidi. Kisha akasikia sauti ya mumewe ndani ya nyumba, ile sauti laini anayomsemesha Ken akiwa mgonjwa.

"Inua mguu kidogo. Polepole. Tunamaliza sasa."

Njoki alisukuma mlango.

Hapakuwa na mtoto. Kitandani, juu ya ile karatasi ya plastiki, alilala mama yake Gicheru, amekonda, miguu kama vijiti, nepi mbili zimeunganishwa kwa pini kiunoni mwake. Kando yake lilikuwa beseni la manjano. Na Gicheru alikuwa amepiga magoti, kitambaa kilichowekwa sabuni mkononi, na machoni amejifunga skafu, imekazwa kisogoni kwa mafundo mawili. Alikuwa akimwosha mama yake kwa kupapasa, kama kipofu. Huku kwao mwana wa kiume haoni uchi wa mama yake, ni laana. Basi alikuwa ameamua asione.

"Nani huyo?" Gicheru aliuliza, amegeuzia uso ukutani.

Bibi alivuta shuka mpaka kidevuni. Alimtazama Njoki kwa muda mrefu.

"Ni kufuli," alisema. "Kufuli amefika."

Maneno yote mazuri aliyoyapanga Njoki yalimtoka. Aliona haya, haya ya kweli, ya kuchoma masikio. Gicheru alianza kueleza upesi, bado amefungwa macho: mama aliteleza kwenye shamba la chai, nyonga ikavunjika, hospitali walimrudisha nyumbani, dada yake yuko Uarabuni, jirani humwangalia siku nyingine zote, lakini ni Msabato, Jumamosi ni ya kanisa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," Gicheru alisema. "Ulisema hii nyumba imefungwa. Na mama naye alinikataza. Alisema afadhali alale na mkojo kuliko wewe umuone hivi."

Mficha maradhi, kifo humfichua. Lakini hapa waliofichana walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri. Njoki alijua yake ilikuwa ndogo kuliko zote. Neno moja, lililosemwa mara moja, yeye aliliweka mwaka na nusu bila kulikata hata kipande.

Alimfungua Ken mgongoni, akampakatisha mumewe.

"Toka na mtoto," alisema. "Na hiyo skafu uitoe kwanza, usianguke kwa mlango."

Gicheru alitoka. Njoki alipandisha mikono ya sweta yake, akapiga magoti pale pale alipokuwa amepiga yeye. Bibi alishikilia shuka.

"Nepi zako utapata zote," bibi alisema. "Tano ziko nje, mbili ziko hapa kwa kiti, hizi mbili niko nazo. Zote ni tisa. Huwa namwambia azifue vizuri, kwa sababu najua wewe unahesabu."

"Nahesabu, mama," Njoki alisema. "Kama singekuwa nahesabu, nani angejua uko hapa?"

Bibi aliachia shuka, akageuza uso upande wa dirisha, akainua kidogo nyonga isiyovunjika ili Njoki apate kupitisha mkono. Mgongo wake ulikuwa na kidonda kinachoanza, mahali ambapo mtu aliyefungwa macho hawezi kuona.

Kando ya beseni kulikuwa na kipande cha sabuni, chembamba, chenye alama ya uzi. Njoki alikitambua: cha wiki ijayo. Alikisugua kwenye kitambaa mpaka povu likamjaa viganjani, akaosha, akasuuza, akasugua tena.

"Utamaliza sabuni," bibi alisema kwa sauti ndogo, bila kugeuka.

"Acha iishe, mama."