Shavu la Kushoto kwenye Kitambaa cha Posa

Mpaka leo nikikutana na mtu aliyekuwepo siku ile huwa naangalia viatu vyangu kwanza, na kwa kuwa habari imeshazunguka Magomeni yote ikiwa imetiwa chumvi, bora niisimulie mwenyewe kama ilivyokuwa: nilikwenda kumposea mtoto wa marehemu kaka yangu nikiwa na uso wa rangi mbili, na sehemu ya uso huo ikabaki kwenye kitambaa cha posa.

Mimi ni fundi saa. Meza yangu iko barazani Mchafukoge, na kwa miaka mingi jua la alasiri limekuwa likinipiga upande wa kushoto. Usoni nilikuwa na madoa meusi, mengine ya jua, mengine ya vipele vya kunyolea ndevu ambavyo nilikuwa nikivitumbua kwa kucha (najua, msiniambie). Mke wangu Mwanaidi hakuwahi kulalamika. Niliyelalamika ni mimi, siku nilipojiona kwenye kioo cha saa kubwa ya ukutani niliyokuwa naifuta.

Krimu nzuri za dukani zilikuwa ghali kwangu, na mkorogo wa Kariakoo, ule wa vikopo visivyo na maandishi, niliukataa, maana nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba huwezi kujua kilichomo, na kinaweza kuwa zebaki. Hapo nilikuwa na akili. Kisha nikaingia kwenye simu kutafuta dawa rahisi, na kila nilikogusa nikaambiwa limau. Nikaona sawa, limau lipo jikoni. Ila mimi ni mtu wa utaratibu, nikajiuliza, nikipaka uso mzima nitajuaje kilichobadilika? Nikaamua nipake upande wa kushoto tu, wa kulia niuache nipate cha kulinganishia.

Uamuzi wenyewe ni huo. Nilipaka asubuhi, nikaenda kukaa barazani kama kawaida, na jua likaja kama kawaida.

Sikujua kuwa maji ya limau na jua havipatani kwenye ngozi. Kesho yake shavu liliwaka moto, likatoa malengelenge, na yalipokauka yakaacha doa jeusi kuliko yote niliyokuwa nayo, pamoja na michirizi hadi shingoni pale maji yalipotiririka. Mwanaidi alilitazama kwa muda mrefu.

"Limekuwa kama ramani," akasema. "Ya nchi gani, sijui."

Sikushtuka sana, kwa sababu posa ilikuwa mwezi unaofuata. Ndipo kijana mwenyewe, Idrisa, akapiga simu.

"Shikamoo ba'mdogo. Baba yake Rahma anasafiri. Anataka mje Jumapili hii."

"Mwambie tutakwenda akirudi."

"Ba'mdogo, kuna watu wengine wameshapeleka maneno pale. Tukichelewa nimekwisha."

Idrisa amempenda Rahma tangu wakiwa chuoni, na baba yake hayupo kumsemea. Wa kumsemea ni mimi. Mwanaidi akashauri aseme kaka yake, shemeji Bakari, ambaye tungekwenda naye, lakini Bakari akisema maneno matatu anaomba maji.

"Basi nenda hivyo hivyo," Mwanaidi akasema. "Watu wazima hawamuulizi mtu uso wake."

Ningemsikiliza, nisingekuwa na la kusimulia. Jumapili akiwa anaoga nilichukua faundesheni yake nikaipaka juu ya ramani. Sasa Mwanaidi ni maji ya kunde, na mimi ni mweusi. Chumbani, kwenye mwanga hafifu, nikajiona safi.

Wenyeji wetu ni familia yenye asili ya Uarabuni, wauza vitambaa, wanakaa ghorofa ya nne Kariakoo, na lifti siku ile ilikuwa imelala kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Tulipanda ngazi. Nilipofika juu kanzu ilikuwa imenigandia mgongoni na shavu la kushoto lilianza kuteleza.

Mzee Khalfani, baba yake Rahma, alitupokea kwa heshima zote. Niliwahi kiti cha pembeni, kushoto kwangu kukiwa na ukuta, nikashusha pumzi.

"Hapana, Fundi, hapo pana joto," akasema. "Njoo hapa penye dirisha."

Penye dirisha kushoto kwangu alikaa mdogo wake, Ami Nassor, mtu mwenye macho makali, na mwanga wote wa Kariakoo ukatua shavuni kwangu. Nikageuka. Nikawa nimekaa upandeupande kama mtu mwenye jipu, uso nimeuelekeza kwenye jokofu.

"Kijana anakaa na nani?" Mzee Khalfani akauliza.

"Peke yake," nikaliambia jokofu.

"Ameshawahi kuoa?"

"Hajawahi."

Akasogea mbele kitini. Kisha, taratibu zaidi: "Nakuuliza tena, Fundi. Ameshawahi kuoa?"

"Hajawahi, wallahi," nikasema, bado nikiongea na jokofu. Bakari akaomba maji.

Nikaona nikabidhi barua mambo yaishe. Nikaitoa mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa cheupe kipya kama ilivyo desturi, nikakishika kwa mikono miwili nikitafuta maneno. Tone likanitoka kidevuni likaangukia kanzu, likaacha alama ya kahawia. Nikaona Ami Nassor ameliona. Mkono ukanitangulia: nikajifuta uso, wote, kutoka sikioni hadi kidevuni. Na nilichojifutia ni kile kitambaa, na barua ikiwa ndani.

Sikuwa na la kufanya ila kukikabidhi. Mzee Khalfani akakipokea, akakitazama. Lilikuwa shavu zima, limejichora vizuri.

"Hii nini?"

Ami Nassor akainama, akanusa. "Poda ya kike hii," akasema. Kisha kwangu: "Hebu geuka, bwana."

Nikageuka. Nusu ya poda, nusu ya ramani. Nikawaeleza yote: madoa, limau, jua, faundesheni ya mke wangu.

"Kwa nini upande mmoja?" Ami Nassor akauliza, na nadhani aliuliza kwa nia njema.

"Nipate cha kulinganishia."

Nyuma ya pazia wanawake walipasuka kicheko. Mzee Khalfani hakucheka.

"Nimekuuliza habari za mume wa mwanangu," akasema, "umenijibu huku unaangalia pembeni. Nilishaamua mna jambo mnalolificha." Akanirudishia kitambaa na barua yake. "Nitasafiri, nitarudi. Uso ukipoa, njoo unitazame, nikuulize upya. Hao wengine nitawaambia wasubiri. Ila sitawasubirisha milele."

Kwa hiyo ndoa ya mtoto wa watu ikawa inategemea ngozi yangu. Daktari wa kituo cha afya alinipa masharti rahisi kuliko limau: usipake kitu kingine chochote kinachowasha, usitumbue, osha kwa sabuni laini, paka mafuta mepesi, na zaidi ya yote jikinge na jua, kwa kofia pana na losheni ya kukinga jua, hata ile ya bei nafuu. Akaongeza kuwa ni kazi ya miezi, na haiharakishwi. Nikaigeuza meza yangu ili jua linipige mgongoni. Kila asubuhi Idrisa akawa anapiga simu: "Shikamoo ba'mdogo. Uso umeamkaje?"

Tuliporudi Kariakoo doa lilikuwa limefifia, halijaisha. Sikupaka kitu. Mzee Khalfani alilitazama shavu la kushoto kwanza ndipo akaitikia salamu, akaniuliza maswali yaleyale, nikamjibu macho kwa macho, jasho likitiririka nisiliguse.

Siku hizi limau kwangu linaishia kwenye samaki, na jambo la usoni nisilolijua namuuliza aliyesomea. Posa ilikubaliwa. Ila nilipokabidhi kitambaa (safari hii Mwanaidi alinunua cha rangi ya bluu iliyokolea), Mzee Khalfani alikigeuza pande zote mbili kabla ya kuitoa barua.