Bosi Asikae Kwenye Matanga Yenu

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, kwenye kituo cha afya nilichofanyia kazi kule Muleba, kando ya ziwa. Mke wa mvuvi alijifungua, damu ikamtoka mpaka akafa. Aliyemzalisha alikuwa muuguzi Kokushubila, binti wa Nshambya, sisi tukimwita Koku. Mimi nilikuwa mhudumu wa wodi, wa kupiga deki na kufua mashuka. Shule yangu iliishia la saba, kwa hiyo nivumilie ninavyoandika.

Tulikuwa na desturi yetu pale. Mgonjwa akikufia, wenzako wanakukalia matanga kidogo kwenye chumba cha kufulia kabla hujarudi wodini. Huambiwi ujikaze. Unatafuna punje kavu za kahawa kama tunavyokaribishana kwetu, unasema kinachokuuma, ukitaka kulia unalia.

Siku hiyo mganga mfawidhi, Rweyongeza, naye akaja akakaa. Tukampisha, si mkubwa wetu?

Koku akasema, "Nikisikia mama anapiga kelele, natamani kukimbia."

"Pole waitu, mwenzetu," Rweyongeza akamwambia, huku anatafuna kahawa yetu. "Pole sana."

Kesho yake, kikao cha asubuhi, mbele ya wote, akauliza, "Leba yuko nani? Koku? Si alisema anataka kukimbia huyu? Mpelekeni mwaloni kwa wavuvi akaanike dagaa. Dagaa hawapigi kelele."

Projestus wa maabara alicheka mpaka akashika meza. Nawataja wote wawili, na wakisoma wajue ni wao.

Toka hapo hakuna aliyekaa tena kule kufulia. Mtu akifiwa na mgonjwa, ananawa mikono anaendelea. Koku alifanya kazi bila hata salamu, halafu asubuhi moja akavua gauni la kazi, akalikunja, akapanda gari la Bukoba. Leo anauza nyanya. Mkunga yule, mwanangu, anapanga mafungu ya nyanya, na kina mama wa mwaloni wanazalishwa na yeyote atakayepatikana. Rweyongeza anasema vijana hawana wito. Wito gani, wakati aliukanyaga yeye mwenyewe na viatu vyake?

Mimi nilibaki, nikaharibika. Nilikuwa nafokea wajawazito kama mbuzi walioingia shambani. Nilipona nilipohamia hospitali ya mjini Bukoba, tukaanza kukaa tena, wauguzi na wahudumu, bila bosi yeyote.

Sasa wewe unaanza kazi. Kaeni. Msisubiri semina wala kibali. Mwenzako akifiwa na mgonjwa, mkalieni siku hiyohiyo, na lililosemwa lisitoke mlangoni. Mwenye mamlaka ya kukuhamisha akija, mpeni kahawa yake akaitafunie ofisini. Na atakayemcheka mwenzake, mtoeni nje hata kama ni rafiki yako.

Mungu akupe wenzako wa kukaa na wewe siku mbaya, na akuzeeshe kazini ukiwa bado unawaonea wagonjwa huruma.