Siku Karani Alipogombana na Mhubiri

Hii nawaambia nyinyi tu, na ole wake atakayeipeleka kule darasani, kwa sababu mpaka leo nikipita ule uwanja wa Free Area, mtaani kwetu, naangalia chini kama mwizi wa kuku.

Karani mnamjua, mbwa wangu wa kahawia mwenye sikio moja lililolala. Polio ilinichukua nguvu za mguu wa kushoto nikiwa mdogo, natembea na chuma kilichofungwa mguuni na magongo mawili, na gongo likianguka mimi siwezi kuliinamia bila kulifuata huko chini. Kwa hivyo nilimfundisha: gongo likianguka, lete, upewe kipande cha mandazi. Nikianguka mwenyewe, anasimama imara nashika mkanda wake wa mgongoni nainuka. Mama naye alisema mbwa ni mbwa, alale nje, na hata jina hakuwahi kumwita. "Hiyo kitu yako," basi.

Jumamosi moja akaja mhubiri mgeni na vipaza sauti juu ya pikapu. Mama na akina mama wenzake wa kanisa wako mbele na vitambaa vyeupe, mimi niko nyuma kwenye jua na vumbi, nimevaa belboti mpya, suruali pana miguuni, ya kuficha chuma, jasho linatiririka, mahali pa kukaa hakuna, ndipo msaidizi akatangaza wagonjwa wanaotaka kuombewa wainue mkono, wapewe viti hemani. Viti! Kivuli! Nikainua mkono. (Imani yangu yote siku hiyo ilikuwa kwenye makalio.)

Mama akageuka akaniona. Jameni, ule uso! Miaka kumi na moja anafunga na kuomba nipone, mimi namcheka tu, na leo mwenyewe nimeinua mkono. Akalia kwa furaha, wenzake wakamkumbatia, na mimi nikashindwa kabisa kusema nilitaka kiti. Ndivyo nilivyopandishwa jukwaani, Karani nimemwacha kando ya ngazi.

"Kijana, unaamini?"

"Eeh, boss," nikajibu. (Boss! Kwa mtumishi wa Mungu!)

Akaninyang'anya magongo, akayarusha kwenye nyasi. "Tembea!"

Vigelegele. Mimi nimesimama kama flamingo wa ziwani, sijui nianzie wapi. Kabla sijapumua, Karani huyu hapa na gongo mdomoni, analiweka miguuni pangu, anatingisha mkia, anangoja mandazi. Mhubiri akalirusha tena. Karani akaona huu ni mchezo mtamu, akarudi mbio, gongo limekaa mdomoni upande kwa upande, likawapiga wanakwaya waliojipanga jukwaani kwenye miguu mmoja baada ya mwingine, wakarukaruka kama wanavuka moto, waya ukanaswa, kipaza sauti kikalia kama ng'ombe.

"Mtumishi, ombea mbwa," mzee mmoja akapaza sauti, "huyo ndiye ako na imani!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mhubiri akafura. "Mshikeni! Ni shetani anarudisha ugonjwa!" Wasaidizi wawili wakamkandamiza Karani chini.

Mimi sasa sina gongo wala mbwa. Nikamtazama mama. Yeye hacheki, amefumbata mikono, anautazama mguu wangu. Nikimwita mbwa, nimemwambia mbele ya watu wote kwamba maombi yake yameanguka. Nisipomwita, nitaanguka mimi. Basi nikapiga hatua moja, kwa ajili ya mama tu.

Moja ilitosha. Nilijikuta nimelala chali, belboti imepanda, chuma kinametameta juani.

Halafu sauti ya mama, ile ya kuita watu shambani:

"Mwachilieni Karani! Karani! Mletee mtoto gongo lake!"

Karani akajinasua akaja na gongo. Nilishika mkanda, nikainuka. Mama akaokota gongo la pili kwenye nyasi mwenyewe, akapanda jukwaani na kitambaa chake cheupe, akamwambia mhubiri kwa heshima, "Asante baba, tunaenda nyumbani."

Njiani akaniuliza, "Ulikuwa unaamini?" Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka kiti tu. Akatangulia mbele yangu mpaka langoni. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na sikuthubutu kuangalia kama ni kicheko au machozi.

Walimu nitawatania mpaka wanifukuze, na wahubiri pia, Mungu anisamehe. Lakini kumpa mama furaha ya uongo, hapana, sirudii. Afadhali kuchomwa na jua.